Gari Linalozima Alfajiri

Saa nne kasorobo asubuhi gari la mikate liliingia karakana likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya muuza kokoto. Mvua ilikuwa imekatika. Waipa zake zilikuwa zimeganda katikati ya kioo, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya, maana kitasa kilishachoka zamani.

Kwenye usukani alikaa kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Jogoo, kwa kuwa yeye na mikate yake ndio waliowaamsha wenye maduka. Alishuka bila kusalimia. Alifungua kamba kwenye bampa, akamshukuru mwenye pikapu, kisha akaupiga teke mpira wa mbele.

"Limezima tena," alisema.

"Wapi?" dada yake aliuliza.

"Kupita daraja, pale barabara inapopanda. Nimelisukuma peke yangu mpaka pembeni, malori yananipigia honi kama vile nimependa kulala barabarani. Mikate yote imo humo ndani. Imelowa."

Dada yake alikuwa fundi umeme wa karakana ile. Wateja walimwita Mita. Ukimwambia betri imekufa, anapima. Ukimwambia betri ni mpya, anapima mara mbili.

"Hebu liwashe," alisema.

Jogoo alirudi kwenye kiti, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka mara moja, ikatulia, ikaunguruma kwa adabu.

Fundi wa bodi, waliyemwita Nyundo, aliinua kichwa kutoka kwenye mlango wa teksi aliokuwa akiunyoosha. "Haya! Mgonjwa akiona koti jeupe, homa yote inashuka. Jogoo, gari hili umelikosea nini?"

Hakuna aliyecheka naye. Kutoka kwenye kichumba cha ofisi ilitoka sauti nzito ya mwenye karakana: "Si nilisema? Gari hilo halina kitu."

Mwenye sauti alikuwa mdogo wa marehemu baba yao. Ndiye aliyewalea wote wawili. Alimsomesha Mita chuo cha ufundi, akamfundisha Jogoo kuendesha katika uwanja huu huu, na wote wawili walimwita Baba Mdogo mbele ya wateja na nyuma yao. Alikuwa fundi wa injini mwenye sikio kali. Aliweza kutambua vali iliyolegea kabla gari halijakata kona ya kuingia. Na alikuwa na desturi iliyomjengea jina: gari halikutoka mikononi mwake likiwa na injini chafu. Kazi ikiisha, injini ilioshwa kwa mafuta ya taa, ikapulizwa upepo, kisha ikapigwa rangi ya fedha kwa kompresa, giaboksi na yote, mpaka mteja akifunua boneti akutane na mng'aro. "Injini ni bibi harusi," alipenda kusema. "Haitoki ndani bila kupambwa." Wateja walipenda. Wengine walirudi kwa ajili ya rangi tu. Asubuhi hiyo injini ya teksi ilikuwa imeshaoshwa, inangoja kukauka ipambwe.

Desturi ya pili ilihusu mipaka. Taa, stata na alteneta vilikuwa vya Mita. Chochote kilichohusu injini kuungua vizuri au vibaya, pamoja na kompyuta yake, kilikuwa cha Baba Mdogo. Hakuna aliyeitangaza mipaka hiyo, lakini ilikuwa kama ukuta. Ndiyo maana, tangu gari la mikate lianze kuzima, Mita hakuwa ameligusa. Alikuwa akilitazama likiingia na kutoka, akiuma meno.

Ugonjwa wenyewe ulianza miezi kadhaa nyuma, baada ya giaboksi kufunguliwa na kurudishwa. Gari lilikuwa la zamani, la miaka ile watengenezaji walipokuwa ndiyo kwanza wanajaribu kuweka kompyuta kwenye injini, na halikuwa na tundu la kuchomeka mashine za kupimia za siku hizi. Ukitaka kujua linalalamikia nini, unafungua kisanduku kidogo karibu na betri, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, unawasha swichi, halafu unahesabu jinsi taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Kila hesabu ina maana yake katika kitabu. Baba Mdogo alihesabu, akabadilisha sensa ya joto, kile kijidude kinachoipimia kompyuta joto la injini. Gari likazima. Akahesabu tena, akabadilisha ya hewa. Likazima. Akabadilisha ile ya kanyagio la mafuta. Mwisho akang'oa kompyuta nzima, akaweka nyingine iliyotoka kwenye gari lililouzwa vipuri. Likatulia kidogo, kisha likazima.

Na kila mara lilizima barabarani, mikononi mwa Jogoo. Likifika karakana linapona. Baba Mdogo mwenyewe aliliendesha mchana kutwa, akapanda nalo kila kilima cha mji, halikukohoa.

"Mama Mikate amesemaje?" Mita aliuliza. Huyo ndiye mwenye gari na kiwanda cha mikate.

Jogoo alizima injini. "Nimempigia simu. Anakuja mchana huu na dereva mwingine. Anasema gari lake lina ugonjwa wa mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mimi, dada. Nani tena? Jana aliniita mwizi mbele ya wapakiaji wote. Mpaka yule mzee wa kuchochea moto wa tanuri aligeukia ukutani kwa aibu. Leo nikinyang'anywa funguo, kesho nani atanipa gari? Mji huu mdogo. Dereva mwizi anajulikana kuliko mwenye mji."

Mita alienda kwenye meza yake, akachukua mita ya kupimia umeme, kurunzi na kipande cha waya. Alipogeuka, Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai mkononi.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kupima."

"Upime nini? Injini umeisikia."

"Nimeisikia. Nataka kuhesabu konyezo."

"Kazi ya injini ni yangu, mwanangu."

"Na ndugu ni wangu."

Nyundo aliinamia mlango wake kwa bidii ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi. Baba Mdogo alikunywa chai funda moja. "Cheza," alisema. "Ukimaliza, ile stata ya lori inakungoja."

Mita aliunganisha matundu mawili, akawasha swichi, akahesabu. Taa ilikonyeza, ikapumzika, ikakonyeza tena. Alihesabu mara ya pili ili awe na hakika, akafungua kitabu. Sensa ya hewa ilikuwa inalalamikiwa. Ilikuwa mpya. Sensa ya joto, nayo mpya, ilikuwa inalalamikiwa. Na ya tatu, ambayo haijawahi kutajwa hata siku moja, leo nayo ilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa.

Alifunga kitabu. Chuoni mwalimu wao alikuwa akisema kwamba shahidi mmoja akidanganya, mshuku shahidi; mashahidi watatu wakidanganya kwa pamoja, mtafute anayewalisha. Sensa zile zilikaa pande tofauti za injini na hazikuwa na undugu wowote, isipokuwa kwamba zote zilipata umeme kutoka kwenye kompyuta na zote ziliurudisha huko huko.

"Njoo hapa," alimwambia mdogo wake. "Lilipozima leo, ulikuwa umewasha nini?"

Uso wa Jogoo ulijikunja. "Hata wewe?"

"Sikuulizi kama askari. Nataja vitu, wewe sema ndiyo au hapana. Taa kubwa?"

"Ndiyo."

"Waipa?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, dada."

"Feni ya kufuta mvuke kwenye kioo?"

"Ndiyo. Redio hapana. Redio ilikufa kabla sijazaliwa."

"Na lile la juzi?"

"Juzi hakukuwa na mvua. Taa na feni. Lakini taa nawasha kila siku, mimi natoka kiwandani giza bado. Nikisubiri jua, mkate nitamuuzia nani?"

"Ukivutwa mpaka hapa, taa unaziacha?"

"Jua limeshawaka, niwashe taa za nini?"

Mita aliugeukia mlango wa ofisi. "Baba Mdogo alishakuuliza haya?"

"Baba Mdogo hajaniuliza kitu. Aliniambia nikanyage mafuta taratibu."

Hapo ndipo hasira ilipomshika Mita sawasawa. Miezi yote hiyo mtu mzima, fundi wa kuheshimika, alikuwa amelipeleka gari vilimani mchana kweupe na kurudi akisema halina kitu. Ugonjwa ulikuja gizani, yeye alikwenda kuutafuta juani. Na mtu pekee aliyekuwepo ulipotokea hakuulizwa hata swali moja.

Aliingia ofisini bila kupiga hodi. Juu ya rafu, kando ya birika, Baba Mdogo alikuwa ameweka kompyuta ya kwanza, ile aliyoing'oa. Mita aliishusha, akafungua skrubu za kifuniko, akamulika ndani.

"Hiyo imekufa," Baba Mdogo alisema kutoka kitini.

"Naona. Natazama ilikufaje."

Kompyuta inayouawa na sensa mbovu huungua upande wa sensa. Hii upande huo ulikuwa safi. Palipoungua palikuwa upande wa pili kabisa, kwenye njia nyembamba ya shaba ambayo umeme wa kompyuta hupitia ukishamaliza kazi, ukirudi kwenye betri kwa waya ambao mafundi huuita ethi. Njia ile imetengenezwa kwa ajili ya umeme kidogo wa kompyuta peke yake. Ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi, kama mfereji wa kunawia mikono uliopitishiwa mto.

Mto gani? Mita alitoka nje haraka kuliko alivyoingia.

Aliliwasha gari, akabana ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye chuma cha bodi. Kati ya vyuma viwili vilivyofungwa pamoja sawasawa hapapaswi kuwa na umeme wa kusomeka. Mita ilisoma karibu na sifuri. Akawasha taa kubwa. Ikapanda, ikapita volti moja. Akawasha waipa. Ikapanda tena. Akawasha feni, na injini ikaanza kutikisika kama mtu aliyepaliwa. Akazima vyote kwa mkupuo. Injini ikapumua, ikatulia.

Hakutaka lizime mbele yake peke yake.

Alilala chini ya gari akiwa na kurunzi. Utepe wa shaba iliyosukwa ulitoka kwenye giaboksi kwenda kwenye bodi, umefungwa kwa bolti huku na huku. Ncha zote mbili ziling'aa kwa rangi ya fedha. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hakugusa bolti. Akatoka, akapangusa mgongo, akaendelea na stata ya lori.

"Umepata?" Jogoo alinong'ona.

"Kaa pale kwenye tangi la maji. Usilikaribie gari mpaka nikuite."

Mama Mikate alifika akiwa na unga kwenye mkono wa gauni na mwanamume mwenye miwani ya jua aliyetembea nyuma yake akizungusha kitambaa kidoleni. Huyo ndiye dereva mpya. Baba Mdogo alitoka ofisini akitabasamu, akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu, mama. Gari linawaka vizuri kabisa."

"Kwako linawaka siku zote," Mama Mikate alisema, akabaki amesimama. "Jogoo, lete funguo."

"Funguo zimo kwenye gari," Mita alisema. "Mama, shikamoo. Kabla hujazichukua, naomba nikuulize. Nani alikwambia kijana anazima gari kwa makusudi?"

Mama Mikate alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Kwani hamwambiani? Mkubwa wenu huyo hapo. Alikuja dukani kwangu kwa miguu yake. Akasema, mama, gari nimelimaliza, halina kitu; dereva wako anachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, anauza mikate kwingine, kisha anairudisha. Nikamwambia, huyu si mtoto wa kaka yako? Akasema, ndiyo maana nakwambia, kwa kuwa namjua."

Nyundo aliacha kugonga.

Jogoo, kule kwenye tangi la maji, aliinuka. Alimtazama Baba Mdogo kama mtu anayetazama nyumba aliyokulia na kukuta mlango umehamishwa.

"Nilisema labda," Baba Mdogo alisema.

"Hukusema labda," Mama Mikate alimjibu. "Labda ningeisikia. Mimi nakopesha wenye maduka. Labda ndilo neno ninaloambiwa kuliko yote."

Mita aliweka stata chini polepole, maana alijua kwamba angeiweka haraka angeirusha. "Baba Mdogo. Ingia kwenye gari."

"Unaniamrisha mimi?"

"Nakuomba. Kisanduku cha fyuzi kiko karibu na goti lako la kulia. Mama, tafadhali simama hapa dirishani, utazame mikono yake. Na wewe kaka mwenye miwani, simama upande ule, uivue uone vizuri."

Mwenye miwani aliivua. Baba Mdogo alitazama huku na huku. Karakana nzima ilikuwa inamtazama yeye, pamoja na mteja wa teksi aliyekuwa amefika sasa hivi. Akaingia. Aliliwasha gari, akalikanyagia mafuta kidogo, akafungua mikono kama mwanamazingaombwe. "Haya. Mnasikia kasoro?"

"Washa taa kubwa," Mita alisema.

Akawasha. Injini ikashuka sauti.

"Waipa."

Ikaanza kuyumba. Baba Mdogo alikanyaga mafuta, ikakohoa.

"Sasa feni ya kioo."

"Mwanangu, gari bovu la zamani ukilibebesha kila kitu..."

"Kijana wako analibebesha kila siku alfajiri. Washa feni."

Akawasha feni. Taa ya injini ikatokea kwenye dashibodi. Injini ikatikisika, ikapiga mara mbili, ikazima. Waipa ziliendelea kukuna kioo kikavu, kwenda na kurudi, hakuna mvua.

"Mzee," Nyundo aliuliza taratibu, "umechomoa fyuzi?"

Mteja wa teksi alicheka, akajizuia kwa kiganja. Mama Mikate hakucheka. Alikuwa bado anatazama mikono ya Baba Mdogo, iliyokuwa kwenye usukani, mahali pake, ikionekana yote miwili.

Baba Mdogo alishuka akiufunga mlango kwa kishindo. "Hiyo ni kompyuta. Ile niliyoweka nayo ni mbovu. Vitu vya mtumba hivyo. Nitatafuta nyingine."

"Utaichoma nayo," Mita alisema. "Ulichoma ya kwanza, sasa unachoma ya pili. Njooni huku wote."

Alichukua spana, akalala chini ya gari, akafungua bolti ya utepe upande wa giaboksi, kisha upande wa bodi. Akatoka na utepe mkononi, akaugeuza, akauweka kwenye kiganja cha Mama Mikate. Upande wa chini wa ncha, ambao ulipaswa kuwa shaba tupu, ulikuwa umebandikwa ngozi ya rangi ya fedha, laini, haina hata mkwaruzo.

"Umeme wa taa zako, mama, ukishawasha taa hautoweki. Unarudi kwenye betri. Unapita kwenye bodi, unapita kwenye utepe huu, unafika kwenye injini, unakwenda zake. Rangi haipitishi umeme. Utepe umefungwa juu ya rangi, kwa hiyo njia imezibwa. Umeme ukikosa mlango unapita dirishani. Kompyuta imefungwa kwenye bodi, na ina kawaya kembamba kanakokwenda kwenye injini. Umeme wa taa zote, waipa na feni umekuwa ukipita kwenye kawaya hako. Ukiwasha vitu vichache, inavumilia. Ukiwasha vyote, inachanganyikiwa, inaanza kulalamikia sensa ambazo hazina kosa, kisha inazima injini. Mchana hakuna taa. Mchana gari ni zima. Alfajiri linazima. Na alfajiri nani yuko ndani?"

Mama Mikate aligeuza kichwa, akatazama kule kwenye tangi la maji.

"Maneno ya chuo," Baba Mdogo alisema. "Kama ethi haipo, stata ingepigaje? Stata inakula umeme kuliko taa zote. Stata inapiga au haipigi?"

"Inapiga."

"Basi."

"Stata ina njia yake. Waya mnene wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Huo ulipoupiga rangi stata iligoma, ukaukwangua siku ile ile. Mimi nilikuwepo, nilikushikia taa. Huu mwingine haukulia, ukauacha."

Macho ya Baba Mdogo yalikwenda kwenye utepe mkononi mwa Mama Mikate, yakaenda kwenye teksi yenye injini iliyooshwa, yakarudi. Nyani alikuwa ameliona kundule, na watu wote walikuwa wamemwona akiliona.

"Rangi ile," Mama Mikate alisema, "nilikusifia mwenyewe. Nilimwita na mwenzangu wa duka la pili aje aione."

Mita hakungoja. Aliuchukua utepe, akakwangua ncha zake kwa kisu, akazipiga msasa mpaka shaba ikawa nyekundu. Akalala tena chini, akakwangua chuma cha giaboksi na chuma cha bodi, na maganda ya fedha yalimdondokea shingoni na kwenye nywele. Alifunga bolti, akazikaza, akaongeza robo mzunguko ambao haukuhitajika.

"Jogoo. Njoo uliwashe."

Jogoo alikuja taratibu, akaingia. Taa. Waipa. Feni. Injini ilishusha sauti kidogo, kama mtu aliyepokea mzigo begani, ikashika. Mita alibana ncha za mita, akampa Mama Mikate aishike na kuisoma: karibu na sifuri, na vitu vyote vinawaka. Jogoo alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga. Halikuyumba. Walingoja mpaka mwenye miwani akachoka kusimama, akakaa kwenye kile kiti kilichopanguswa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mama Mikate alimrudishia Mita mita yake. Alikwenda mpaka dirishani kwa dereva. "Nilikuita mwizi mbele ya wapakiaji," alisema. "Kesho nitalifuta mbele ya hao hao. Funguo kaa nazo." Kisha akamgeukia mwenye miwani. "Baba, utanisamehe kwa usumbufu."

Jogoo alishuka, akaacha injini inawaka, akamwendea Baba Mdogo na kusimama mbele yake. Alikuwa amemzidi kimo. Huenda hakuna kati yao aliyewahi kuliona hilo kabla ya mchana huo.

"Na wewe, Baba Mdogo?"

Baba Mdogo alikuwa anapangusa mikono kwa tambara, ingawa haikuwa na grisi. "Mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani."

"Hukunisema nyumbani," Jogoo alisema. "Ulinisema dukani."

"Nimekulea."

"Umenilea. Nakuuliza ulilolisema."

"Nenda kazini. Mama wa watu anangoja."

Jogoo alisubiri zaidi kidogo kuliko adabu inavyotaka. Kisha akaingia kwenye gari. Mama Mikate alipanda upande wa pili, akakumbatia mkoba wake. Gari lilitoka langoni likiwa limewasha taa kubwa, waipa na feni, mchana wa jua kali, na watu wa barabarani wakalionyesha kidole. Mita alilifuata kwa macho mpaka pale barabara inapopanda. Lilipanda. Halikuzima.

Nyuma yake kompresa ilianza kunguruma. Baba Mdogo alikuwa ameshavaa kitambaa puani. Alikuwa amesimama mbele ya teksi, boneti iko wazi, kopo la rangi ya fedha liko miguuni, na alikuwa akilijaribu bomba la kupulizia rangi kwenye kipande cha boksi, huku mteja akimtazama kwa hamu.

"Baba Mdogo," Mita alisema.

Baba Mdogo aliinamisha bomba kwenye injini.

Mita alivuka uwanja, akapita kati yake na mteja bila kumtazama yeyote, akachomoa plagi ya kompresa ukutani.